Kikaratasi Chenye Tarehe: Matbaa ya Oxford, Kamusi za Mtandaoni na Deni la Leksikografia ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kujua historia ya neno la Kiingereza anaweza leo kuipata bila kuondoka mezani pake. Ikiwa maktaba ya chuo chake imelipa ada, ataifungua kamusi kubwa ya Oxford katika mtandao, na papo hapo ataonyeshwa neno hilo lilionekana lini kwa mara ya kwanza katika maandishi, lilitumiwa na nani, na maana zake zilibadilika vipi karne baada ya karne. Mwanafunzi wa Kiswahili akitaka kujua mambo hayo hayo juu ya neno la Kiswahili, hana pa kuyapata. Fasili ataiona katika kamusi zetu, historia hataiona.

Tofauti hii mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ya fedha na mitambo. Husemwa kwamba wenzetu wana kompyuta na wataalamu wa kuziendesha, na kwamba nasi tukipata vyombo hivyo tutafika walikofika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo yanaanza mwishoni badala ya kuanza mwanzoni. Tutaitazama kwa ufupi historia ya matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford na kamusi yake kubwa, tangu enzi ya vikaratasi hadi enzi ya mtandao. Kisha tutaangalia kazi ambayo matbaa hiyo hiyo imeifanya katika Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba hazina ya mtandaoni ya Oxford ilisimama juu ya mambo mawili yaliyotangulia kompyuta kwa zaidi ya miaka mia moja: ushahidi wa maneno ulioandikwa tarehe, na chuo kilichokubali kuutunza ushahidi huo kizazi hata kizazi.

Kazi ya Vikaratasi, 1857–1928

Wazo la kamusi hiyo halikutoka katika matbaa. Lilitoka katika Chama cha Filolojia cha London, ambako mwaka 1857 Richard Chenevix Trench alisoma hotuba mbili juu ya upungufu wa kamusi za Kiingereza zilizokuwapo. Trench alishikilia kwamba mtunga kamusi ni mwanahistoria, wala si hakimu. Kazi yake si kuchagua maneno mazuri na kuyatupa mabaya, bali ni kueleza maisha ya kila neno tangu lilipozaliwa. Ili kufanya hivyo hana budi kuwa na ushahidi, na ushahidi wa neno ni sentensi iliyoandikwa, pamoja na jina la kitabu na mwaka wake.

Kutokana na msimamo huo ulizaliwa utaratibu wa vikaratasi. Wasomaji wa kujitolea waliombwa wasome vitabu vya kila zama, na kila walipokutana na neno linalofaa waandike juu ya kikaratasi neno lenyewe, sentensi nzima, mwandishi, kitabu, ukurasa na mwaka. Mhariri wa kwanza, Herbert Coleridge, alifariki mwaka 1861 kazi ikiwa changa. Frederick Furnivall aliyemfuata alikuwa na ari nyingi lakini utaratibu mchache. Mwaka 1879 ndipo matbaa ya Oxford ilipotia sahihi mkataba wa kuichapisha kamusi, na James Murray, mwalimu wa shule, akakabidhiwa uhariri. Alipokea vikaratasi vyenye uzito upatao tani mbili, vingine vikiwa vimeharibika kwa kuhifadhiwa ovyo.

Mkataba ulikadiria kwamba kazi ingekwisha kwa miaka kumi. Sehemu ya kwanza ilipotoka mwaka 1884, Murray na wasaidizi wake walikuwa hawajavuka maneno ya mwanzo ya herufi A. Murray mwenyewe alifariki mwaka 1915 bila kuuona mwisho, na kamusi ilikamilika mwaka 1928, yaani miaka sabini na moja baada ya hotuba za Trench. Vikaratasi vilivyokusanywa vilifikia mamilioni, na dondoo zilizochapwa zilizidi 1,800,000.

Yafaa tuzingatie jinsi kazi hiyo ilivyotegemea kikaratasi. Katika toleo la kwanza neno moja la Kiingereza, bondmaid, lenye maana ya mjakazi, liliachwa nje ya kamusi kwa sababu tu vikaratasi vyake vilipotea. Halikuwa neno geni wala la shaka, lakini lilipokosa karatasi lilikosa nafasi. Lilikuja kuingizwa katika nyongeza ya mwaka 1933. Kisa hiki kidogo chatufundisha kwamba katika leksikografia ya kihistoria neno huishi kwa ushahidi wake.

Jambo la pili ni la kitaasisi. Matbaa ya Oxford ni idara ya chuo kikuu, na husimamiwa na baraza la wanazuoni wa chuo hicho. Inafanya biashara, tena biashara kubwa, lakini faida ya vitabu vingine iliiwezesha kubeba kamusi ambayo kwa miongo mingi ilikula fedha kuliko ilivyorudisha. Wasimamizi walinung'unika mara nyingi, na kuna nyakati walizotaka Murray apunguze dondoo na aharakishe kazi. Hata hivyo kamusi haikuachwa. Mchapishaji anayetazama hesabu za mwaka mmoja mmoja asingeweza kuvumilia kazi ya miaka sabini.

Kutoka Karatasi hadi Mtandao, 1984–2000

Baada ya mwaka 1928 lugha haikusimama. Kuanzia mwaka 1957 Robert Burchfield alisimamia nyongeza mpya, iliyotoka kwa juzuu nne kati ya mwaka 1972 na 1986. Hapo matbaa ikajikuta na kamusi mbili zinazopaswa kusomwa pamoja, moja kuukuu na nyingine mpya, na kuziunganisha kwa mkono kungehitaji tena maisha ya mtu mzima.

Mwaka 1984 ulianzishwa mradi wa kuihamishia kamusi yote katika kompyuta. Kampuni ya IBM ilitoa mitambo na wataalamu, na Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada kikashirikiana na Oxford katika kubuni namna ya kuyapanga na kuyatafuta maandishi marefu kiasi hicho. Wapiga chapa zaidi ya 120 waliyaingiza maandishi yote, herufi kwa herufi, jumla ya herufi zipatazo milioni 350. Kila sehemu ya maelezo ya neno iliwekewa alama yake: kidahizo, matamshi, asili, fasili, dondoo, mwaka. Toleo la pili likatoka mwaka 1989 kwa juzuu ishirini, likiwa na vidahizo 291,500 na dondoo karibu 2,400,000. Mwezi Machi 2000 kamusi iliwekwa katika mtandao. Tangu hapo huhaririwa upya neno kwa neno, na mabadiliko hutangazwa kila robo ya mwaka. Mwaka 2002 matbaa ilifungua pia maktaba ya marejeo mtandaoni, ikikusanya mahali pamoja kamusi na ensaiklopidia mia moja hivi za fani mbalimbali.

Je, kompyuta iliongeza nini? Iliongeza wepesi wa kutafuta. Mtafiti anaweza kuuliza maneno yote yaliyoandikwa kwa mara ya kwanza katika mwaka fulani, au yote yaliyotoka katika lugha fulani, na akajibiwa mara moja. Lakini jibu hilo lapatikana kwa sababu mwaka na lugha viliandikwa kwanza juu ya karatasi na watu ambao hawakuwahi kuiona kompyuta. Mtambo ulipanga ulichopewa. Lau vikaratasi vya Murray visingekuwa na tarehe, mtandao wa mwaka 2000 usingeweza kuzizua.

Matbaa Hiyo Hiyo na Kiswahili

Uhusiano wa Oxford na kamusi za Kiswahili ni wa zaidi ya karne moja. A. C. Madan, mmisionari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha huko kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ile ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Juu ya msingi wa Madan ndipo ilipojengwa kamusi ya mwaka 1939, iliyotayarishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki chini ya Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza. Kamati hiyo ilianza kazi mwaka 1930 ikiwa na jukumu la kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Baada ya uhuru kazi ya Kamati ilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mchapishaji alikuwa Oxford tena, na ndiye aliyetoa toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Kamusi la Kiswahili Fasaha la Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lililotoka mwaka 2010, nalo lilipita katika matbaa hiyo.

Hapana shaka kwamba kazi hizi zimekijenga Kiswahili. Hasa ile ya mwaka 1981 ilikuwa hatua kubwa, kwani sasa Kiswahili kilifasiliwa kwa Kiswahili, na wenye lugha wakawa ndio wahariri. Lakini tukizilinganisha na kamusi kubwa ya Kiingereza, tutaona kwamba matbaa moja iliongozwa na kanuni mbili. Kwa Kiingereza ilidai historia. Kwa Kiswahili iliridhika na matumizi ya wakati uliopo. Madan na Johnson waliwaandikia maofisa, wamisionari na walimu waliotaka kuelewa na kueleweka, nao watu wa namna hiyo hawakuuliza neno lilianza lini. Mwaka ule ule wa 1939 juzuu ya kwanza ya kamusi ya Charles Sacleux ilitoka Paris, ikiyataja maneno pamoja na lahaja zake kwa upana usiopata kufikiwa na kamusi sanifu. Na kabla ya wote hao Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, alikuwa amehifadhi maneno mengi ya Mombasa yaliyokuja kuachwa pale Kiunguja kilipochaguliwa. Hivyo kazi ya usanifishaji iliturithisha lugha moja ya kuandikia, lakini iliufupisha pia muda wetu wa nyuma.

Tutoe mfano mmoja. Neno uhuru katika Johnson ni hali ya mtu asiye mtumwa, au aliyeachwa huru kutoka utumwani. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ni pia hali ya nchi kujitawala. Baina ya kamusi hizo mbili ipo miaka arobaini na miwili, na ndani ya miaka hiyo neno hilo lilibeba siasa yote ya Afrika Mashariki. Ni gazeti gani lililolitumia kwanza kwa maana ya taifa? Je, maana mpya ilianzia Tanganyika, Kenya au Unguja? Je, wazee waliokumbuka utumwa walilisikiaje neno hilo katika mikutano ya hadhara? Kamusi zetu zinatuonyesha ukingo huu wa mto na ukingo ule, bila daraja. Hali ni hiyo hiyo kwa maneno mengi yaliyotajiwa asili ya Kiarabu. Twaambiwa neno limetoka wapi, bali hatuambiwi liliingia lini wala kwa mlango gani.

Mwaka 2022 wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford waliingiza maneno kadhaa ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, miongoni mwake nyama choma, daladala na sambaza. Wengi wetu tulifurahi, na kufurahi si vibaya. Lakini tuitafakari hali hiyo. Neno sambaza, likiwa mgeni katika Kiingereza, limefunguliwa faili. Matumizi yake yametafutwa na kupangwa kwa miaka. Likiwa nyumbani kwake, ambako lilimaanisha kutawanya na kueneza kabla ya kuingia katika simu za mkononi, halina faili. Kuhusu daladala husimuliwa sana kwamba jina lilitokana na nauli ya shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala. Masimulizi kama hayo ni mali, lakini kamusi ya kihistoria huyaweka kando ya dondoo zenye tarehe ili msomaji aamue.

Mtandao na Mwenye Nyumba

Yawezekana kusema kwamba mapengo hayo yatazibwa na mtandao wenyewe. Majaribio hayakukosekana. Mwaka 1994 ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mradi wa kamusi ya Kiswahili mtandaoni chini ya Martin Benjamin, ambapo watumiaji wenyewe walichangia maneno. Baadaye mradi ukatoka chini ya chuo hicho. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen alikusanya matini za Kiswahili za kuchambuliwa kwa kompyuta, kwanza maneno yapatayo milioni 12.5 na hatimaye milioni 25 hivi. Matini hizo ni hazina kubwa kwa wanaisimu, ingawa kwa sehemu kubwa ni za miongo ya karibuni.

Oxford nayo ilianzisha mwaka 2015 mpango wa kuziweka mtandaoni bure lugha zisizo na marejeo mengi ya kielektroniki, ukianza na isiZulu na Kisotho cha Kaskazini. Kiswahili kilifuata baadaye. Tovuti hizo zimekwisha kufungwa. Wala haikuwa Kiswahili peke yake. Kamusi ya Oxford ya Kiingereza cha kisasa iliyokuwa ikisomwa bure ilihamishiwa mwaka 2019 katika tovuti iliyoitwa Lexico, na mwezi Agosti 2022 hiyo pia ikafungwa. Iliyobaki imara ni kamusi kubwa ya kihistoria, ambayo maktaba huilipia.

Hatusemi haya kwa kulaumu. Matbaa ina haki ya kupima gharama zake. Lakini lipo somo: kitu kilichowekwa katika nyumba ya mwingine hukaa kwa muda anaotaka mwenye nyumba. Kamusi ya Murray ilivuka vita viwili vya dunia, vifo vya wahariri na mabadiliko ya mitambo kwa sababu ushahidi wake ulikuwa mali ya taasisi moja isiyohama. Kiswahili kwa upande wake kimetunzwa Oxford, Yale, Helsinki na kwingineko, na watu wenye nia njema, lakini hakuna hata mmoja wao ambaye Kiswahili ndicho sababu ya kuwapo kwake.

Linalowezekana

Huenda mtu akapinga kwamba kanuni ya kihistoria haiifai lugha ambayo fasihi yake kubwa ilipita midomoni kabla ya kuandikwa, na ambayo maandishi yake ya kale yako katika hati za Kiarabu. Pingamizo hili lina uzito, lakini halizuii kazi. Barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa zina tarehe. Utenzi wa Tambuka una nakala inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1728. Pale ambapo utungo ni wa kale kuliko nakala, kikaratasi kinaweza kubeba tarehe zote mbili, ya kudhaniwa na ya kuthibitika, kama ifanywavyo kwa maandishi ya kale ya Kiingereza. Mkusanyo wa miswada ulioorodheshwa na J. W. T. Allen umo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Miswada mingi zaidi iko London.

Kwa karne mbili za karibuni hali ni nyepesi zaidi. Msimulizi lilianza Unguja mwaka 1888, Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904, Mambo Leo lilianza Tanganyika mwaka 1923, na Baraza lilianza Nairobi mwaka 1939. Katika kurasa hizo wasomaji wenyewe waliandika barua, mashairi na malalamiko, na kila toleo lina tarehe juu yake. Hakuna mtambo unaohitajika ili kuanza kuyasoma.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kila idara ya Kiswahili iwape wanafunzi wake wa shahada, kama sehemu ya mafunzo ya leksikografia, mwaka mmoja wa gazeti moja waunukuu: neno, sentensi kamili, gazeti, tarehe, ukurasa, na lahaja ikiwa inatambulikana. Wasomaji wa Murray wengi wao hawakuwa wataalamu. Walikuwa watu makini waliofuata maagizo. Pili, idara zikubaliane juu ya mpango mmoja wa kuandika dondoo hizo, kwani vikaratasi vya mipango kumi haviunganiki hata vikitiwa katika kompyuta. Tatu, mikataba na wachapishaji, wawe wa ndani au wa nje, itenganishe kamusi na ushahidi wake. Mchapishaji apewe haki ya kuuza kitabu au kuendesha tovuti, bali dondoo zenyewe zibaki mali ya vyuo vikuu, zikihifadhiwa katika maktaba zisizopungua mbili, ili mlango mmoja ukifungwa mwingine ubaki wazi.

Kazi hii haitaonekana matunda yake upesi. Wanaoianza huenda wasiione herufi ya pili. Lakini gharama ya kungoja ni kubwa kuliko hiyo. Magazeti ya zamani yanachakaa kila mwaka, na wazee wanaoweza kutueleza maana ya neno lililoachwa na kamusi sanifu wanapungua. Kamusi ya mtandaoni inaweza kujengwa wakati wowote ule mitambo itakapopatikana. Dondoo ya gazeti lililokwisha kuoza haitapatikana tena.